Konzi Hamsini za Chumvi

Hesabu ilitoka sawa kabisa, na hilo ndilo lililonishtua. Kama ingekosea kidogo, kwa ng'ombe mmoja au wawili, labda leo ningekuwa nimeisahau, kama nilivyosahau mambo mengi ya miaka yangu ya kuzurura.

Njia ya hesabu hiyo niliipata kwenye karatasi ya karanga. Nilikuwa Mongbwalu, mwaka wa pili wa kuchimba mchanga ambao dhahabu yake ilikuwa daima kwenye shimo la jirani. Mwanamke aliyetuuzia karanga alikuwa amenunua kwa kilo vitabu vya shule fulani iliyovunjwa wakati wa vita, na kila asubuhi alichana kurasa akazikunja ziwe pembe. Wenzangu walikula karanga wakatupa karatasi. Mimi nilikula nikasoma. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na siwezi kusingizia vita peke yake. Miguu ilikuwa inaniwasha. Lakini hamu ya kujua haikuniacha. Kwa njia ya karanga nilijifunza nusu ya maisha ya chura, jinsi mfalme mmoja wa Ulaya alivyokatwa kichwa, na siku moja nikapata ukurasa wenye mistari miwili ya herufi na namba, imeshikwa pamoja na bano moja kubwa upande wa kushoto, kama watu wawili waliofunikwa blanketi moja.

Katika shimo letu alikuwemo mtu aliyewahi kufundisha hesabu. Tulimwita profesa kwa kumcheka, kwa sababu alichimba polepole kuliko sisi wote. Nilimpelekea ile karatasi. Alifuta mikono kwenye kaptula, akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba aliyozaliwa. Kisha akaniambia kwamba hapo kuna vitu viwili visivyojulikana, na kwamba kosa la watu wengi ni kutaka kuvikamata vyote viwili kwa pamoja.

Akachukua karai na kopo tulilotumia kuchotea maji. Tuseme, alisema, gunia moja linajaa kwa karai moja na makopo matatu ya mchanga, na karai moja ni sawa na makopo manne. Gunia ni makopo mangapi? Nikajibu saba. Akauliza nimefanyaje. Nikasema nimeondoa karai, nikaweka makopo manne mahali pake.

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Moja uivalishe nguo ya ingine. Ukisha kufanya vile, iko inabakia moja tu, na moja haiwezi kukushinda."

Nilifanya mazoezi miezi mitatu, kwa mkaa, kwa kijiti, kwa kidole kwenye vumbi. Sikuwa na kazi nayo. Nilipenda tu kuona kitu kisichojulikana kikilazimika kusema jina lake.

Niliporudi Bunia nilimkuta mama katika nyumba ya kaka yangu mkubwa, mtaa wa Ngezi. Ilikuwa ile amani ya kutembea kwa kunyata. Soko lilijaa, pikipiki zilipita hadi jioni, watu walifunga harusi. Lakini mtu mgeni akikaa karibu nawe uliuliza kwanza ametoka mlima gani, ndipo ukacheka na kichekesho chake. Mama hakutaka kukaa mjini. Kila asubuhi alifagia ua wa kaka ambao ulikuwa umeshafagiliwa, kisha akasimama anatazama upande wa kwetu. Alitaka kurudi mlimani, na kilichomzuia kurudi kilikuwa ng'ombe.

Siku tulipokimbia, miaka sita nyuma, mama hakuweza kukimbia na ng'ombe. Baba alikuwa ameshafariki, mimi nilikuwa Mahagi-Port nabeba samaki wa chumvi, na kaka alikuwa kazini mjini. Mama aliwapeleka ng'ombe kwa mzee mmoja wa mlima unaotazamana na wetu. Alikuwa mtu wa upande wa pili, wa wale ambao wakati ule tuliambiwa tuwaogope. Lakini alikuwa amelima pamoja na babu yetu, na mama alimwita baba tangu utoto. Sasa mzee huyo alikuwa ametuma ujumbe: amani imeingia, mama aje achukue mali yake.

Kaka alitangulia kwenda kuangalia. Alipanda pikipiki, akafika zizini, akanyoosha kidole akawahesabu ng'ombe wakubwa mmoja mmoja. Aliporudi alikuwa ameshakata hukumu. Nilimkuta akimweleza mama kwa mara ya tano au ya sita.

"Mama, kamba nilinunua mimi mwenyewe. Trente-deux. Nimekuta ngombe kubwa dix-huit. Quatorze iko mu tumbo ya nani?"

Kamba thelathini na mbili, ng'ombe wakubwa kumi na wanane, na kumi na wanne aliodai wameliwa. Mama hakujibu habari ya matumbo. Kilichomuuma ni kidole. Kwetu watu wazima hawahesabu ng'ombe, sembuse kwa kidole. Unawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa jina, kwa ukoo wa mama zao. Ukiwahesabu unaonekana kama unawaandikia kifo. Nilikua nikiamini hivyo na hata leo nikipita karibu na kundi nakunja vidole.

"Weye ulikomalia mu internat," mama alimwambia, yaani alikulia shule ya bweni. "Ngombe uliijulia mu sahani."

Kaka hakucheka. Siku ya Jumamosi tulitakiwa mlimani, mbele ya shefu, yaani chifu, wa upande ule, na alikuwa ameapa kusema neno mwizi, wazi, kila mtu asikie. Mama alijua, na mimi nilijua, kwamba neno hilo likishasemwa mbele ya shefu, njia ya kutoka mlima ule hadi mlima wetu itafungwa, na mama atafagia ua wa Ngezi mpaka afe. Mama alimweleza kaka kwamba siku ile hata ndama walifungwa kamba, kwa sababu mnyama anayekabidhiwa bila kamba shingoni anahesabika hakutolewa. Kaka alisema ndama hafungwi kamba, hufuata mama yake, kila mtu anajua, na kwamba mama amezeeka, anachanganya.

Nilimuuliza mama, kwa upole, kama walikuwa wakubwa wangapi na wadogo wangapi. Alinitazama kama nimemtukana. Hakuwahesabu, alisema, wala baba yangu hakuwahesabu, wala babu. Basi nikamuuliza siku ile ilikwendaje. Hapo alikaa chini akaniambia yote.

Desturi ni kwamba ng'ombe hawakabidhiwi kwa mdomo. Wanakabidhiwa kwa chumvi. Anayetoa anapita na kopo, kila mnyama anamlambisha kwa mkono wake, huku anayepokea anatazama. Mkubwa anapewa konzi mbili, yaani ngumi mbili zilizojaa. Mdogo anapewa moja. Chumvi ikiisha kopo, lile kopo anaachiwa mpokeaji. Mama alikuwa amejaza kopo kubwa la maziwa ya unga mpaka mdomoni. Anajua linaingia konzi ngapi, kwa sababu chumvi si ng'ombe, chumvi inahesabiwa: ni konzi hamsini. Na siku ile chumvi ilitosha bila kubaki na bila kupungua. Alichukua hiyo kuwa baraka.

Nilitoka nje nikachukua kipande cha mkaa jikoni, nikaandika ukutani, na mke wa kaka akapiga kelele kwamba ukuta umepakwa chokaa juzi. Sikumsikia. Wakubwa na wadogo ni kamba thelathini na mbili. Wakubwa mara mbili, na wadogo mara moja, ni konzi hamsini. Vitu viwili visivyojulikana, blanketi moja. Nikafanya kama profesa: wadogo ni thelathini na mbili ukitoa wakubwa. Nikawaondoa wadogo katika mstari wa chumvi, nikawavalisha nguo hiyo. Wakubwa mara mbili, ongeza thelathini na mbili, toa wakubwa, ni hamsini. Wakabaki wakubwa peke yao, na thelathini na mbili, na hamsini.

Kumi na wanane.

Nilirudia mara tatu. Kisha nikamwita kaka, yaya, kama tunavyowaita ndugu wakubwa.

"Yaya, mule mu zizi ulihesabu ngapi?"

"Nilisha kusema. Dix-huit."

Nikamwonyesha ukuta. Kaka ana diploma, hakuhitaji kufundishwa. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akashuka hadi chini, na niliona shingo yake ikibadilika rangi. Alikuwa tayari kumwita mtu mwizi kwa sababu ya ndama kumi na wanne ambao yeye aliwafanya ng'ombe wakubwa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa mtu kama yeye hiyo ni kama kuomba msamaha kwa magoti.

Nililala kama mfalme. Mimi, mwenye kuacha shule, nimemwokoa mzee wa watu kwa karatasi ya karanga.

Jumamosi pikipiki zilituacha pale barabara inapokufa, tukapanda kwa miguu, mama mbele, anatembea kama msichana. Njiani tulipishana na mtu anayeswaga fahali mmoja mkubwa, mkaidi, mwenye nundu. Mama alisimama kumsifu. Akamuuliza yule mtu ana umri gani fahali huyo. Yule mtu akasema alizaliwa mwaka ule watu walipokimbia.

Nilipiga hatua nne au tano, kisha nikasimama.

Ndama hangoji. Ndama wa miaka sita iliyopita leo ni ng'ombe, na ana ndama wake, au amekufa, au ameliwa. Hakuna kundi duniani linalokaa miaka sita, tena miaka ile, ya bunduki na moto, likabaki na wakubwa kumi na wanane siku ya kwanza na kumi na wanane siku ya mwisho. Hesabu yangu ilikuwa ya siku ile. Kaka alihesabu wiki iliyopita. Hizo namba mbili hazikuwa na sababu ya kufanana. Na kama zinafanana, ni kwa kuwa mtu amezifananisha.

Nilimvuta kaka nyuma nikamnong'oneza. Yeye alikuwa haraka kuliko mimi.

"Basi ile ngombe ni ya nani?" akasema.

Miaka ile ng'ombe wengi walikuwa wametembea usiku bila wenyewe. Niliona mbele yangu mama mwingine, mahali pengine, anafagia ua usio wake, na ng'ombe wake wako mbele yetu na kamba zetu shingoni. Nilitaka kumwita mama arudi. Lakini alikuwa ameshafika kwenye miti ya zizi, na mzee alikuwa ameshatoka kumpokea, amevaa koti la suti juu ya kaptula, na shefu amekaa kando kwenye kiti cha plastiki.

Walisalimiana kwa muda mrefu, wameshikana mikono yote miwili. Kisha mama aliingia zizini. Nilihesabu, Mungu anisamehe, kwa macho tu, bila kidole. Wakubwa kumi na wanane. Wadogo kumi na wanne. Kila mmoja na kamba. Na zilikuwa kamba zetu, zile za nailoni ya kijani alizonunua kaka, zimechakaa, zimeungwa kwa mafundo.

Mama alisimama katikati akaita jina. Hakuna aliyegeuka. Akaita la pili, la ng'ombe ambaye alimlea kwa chupa alipofiwa na mama yake. Ng'ombe wote waliendelea kutafuna. Akaita la tatu, la nne, la tano, sauti ikizidi kushuka, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Niliona mgongo wake tu, na mgongo ulitosha.

"Baba," akasema bila kugeuka. "Zangu iko wapi?"

Mzee hakujitetea.

"Bilikamatwa mwaka ya kwanza. Yote. Batoto ya kwetu njo balikuya na bunduki. Baliacha kamba na kopo."

Nilimwangalia kaka. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nadhani na wangu pia.

Mzee alieleza polepole, akimwelekea mama peke yake, kama sisi wengine hatukuwepo. Alilima maharage akauza, akanunua ndama mmoja. Alifyatua matofali kwa ajili ya watu waliokuwa wanajenga upya, akanunua mwingine. Wengine walizaa. Shefu aliingilia kati bila kuulizwa, akasema kila mnyama aliyeingia zizini humo alimwona kwa macho yake na anajua alikotoka, na kwamba walimcheka huyu mzee hadi wakachoka kumcheka.

Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi.

"Miaka sita tunakula sombe ya bure," akasema, akimaanisha kisamvu kitupu, "juu ya kopo ya Mama huyu. Hata kuku yangu alitaka kuiuzisha."

Mama aligeuka. Akamuuliza mzee kwa nini hakumtumia habari mapema, kwamba wamechukuliwa.

"Ningesema ni batu ya bunduki balibeba, ungeniamini?"

Najua watu ambao mahali pale wangesema uongo mtamu. Yeye alisema, "Apana. Singekuamini."

"Basi," mzee akasema.

Mimi nilikuwa na swali moja lililokuwa linanichoma, na sikuona aibu kuliuliza, ingawa saa haikuwa yake. Mzee hakuwa amewahi kuhesabu ng'ombe wa mama, na mama hakuwa amewahi kumtajia namba. Ng'ombe wenyewe wote walikuwa wameshachukuliwa. Alijuaje kwamba wakubwa walikuwa kumi na wanane? Mimi nilihitaji profesa, ukuta mzima, na miezi mitatu ya vumbi.

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Akasema alikuwa na kamba na alikuwa na kopo. Alitandika kamba zote chini, safu moja. Akajaza kopo chumvi. Kila kamba akaiwekea konzi moja, kwa sababu hakuna mnyama anayekosa konzi moja, hata aliyezaliwa jana. Kamba zote zikapata. Chumvi ikabaki. Akaanza tena mwanzo wa safu, anaongeza konzi ya pili, kamba moja, kamba moja, mpaka kopo likawa tupu.

"Kamba yenye konzi mbili ni ngombe ya mukubwa," akasema. "Yenye moja ni mutoto yake. Iko nguvu kuelewa?"

Nilijiona mjinga kwa namna ambayo sijawahi kujiona, mjinga hadi miguuni. Hakuwa na herufi wala mabano. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kamba za watu waliokuwa maadui zake kwa mujibu wa redio, akiwa na kopo lao, siku chache tu baada ya kuibiwa, na kitu cha kwanza alichotaka kujua ni deni lake lina ukubwa gani, deni ambalo hakuna mtu angemdai. Nilikuwa nimehesabu ng'ombe. Sikuwa nimehesabu hilo.

Mama aliomba kopo. Lilikuwa lile lile, rangi imetoka, picha ya mtoto anayecheka imebaki nusu. Mke wa mzee alilijaza chumvi mpaka mdomoni. Mama alipita zizini, mkubwa konzi mbili, mdogo moja, na ng'ombe ambao hawakulijua jina lake walilamba mkono wake. Nilimfuata kwa macho bila kupumua. Mkono wa mama ulikuwa umekonda tangu siku ile; niliogopa chumvi itabaki. Alipofika kwa ndama wa mwisho, mwekundu, mwenye kigugumizi cha miguu, aliinamisha kopo, akagonga kitako chake, akapata ngumi moja kamili. Akampa. Akapindua kopo kuonyesha, na halikutoa hata chembe.

Shefu alisema neno la kufunga mambo. Tukadhani yamefungwa. Lakini mama alimrudia ndama yule mwekundu, akapiga goti moja, akaanza kufungua fundo la kamba shingoni mwake. Vidole vyake vilishindwa. Fundo lilikuwa la miaka sita. Akamwita kaka.

Mzee alielewa kabla yetu. Alipiga hatua mbele, mkono umeinuliwa, anataka kukataa, na mkewe akamshika koti kwa nyuma. Mnyama bila kamba shingoni hakutolewa: aliyefunguliwa anabaki kuwa wa mzee. Mzee ndiye aliyemwambia mama desturi hiyo, au babu yetu ndiye aliyewaambia wote wawili.

Kaka, mwenye diploma na viatu vya ngozi, aliingia kwenye mavi ya ng'ombe akafungua fundo kwa meno. Kisha la ndama wa pili. Mama alikuwa akimwonyesha kwa kidevu, huyu, na huyu, na yule mama mwenye doa. Nilijua nikitaka naweza kujua ni wangapi. Niligeuka nikatazama mlima wetu ng'ambo ya bonde, ambako paa moja tu lilikuwa limesimama.

Mama hakurudi nasi Ngezi. Alilala kwa mzee usiku ule, na wiki iliyofuata nilimpelekea mabati. Kaka na mimi tulishuka mchana wa jua kali, kamba za kijani zikiwa begani mwangu. Tulipofika barabarani kaka alikaa kwenye jiwe, akaninyang'anya zile kamba, akazitandika chini mavumbini moja kando ya nyingine, akanitilia konzi ya vumbi mkononi badala ya chumvi.

"Mudogo," akasema, "anza ile ya muzee. Ile ya konzi moja moja. Na mimi nataka kuijua."